Redio tatu juu ya paa moja haziwezi kubeba hosteli nzima

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Nina hosteli mbili za wanafunzi hapa Malimbe, Mwanza. Kubwa ina sakafu tatu, vyumba tisa kila sakafu. Ndogo ni ya chini tu, vyumba vinane, na katikati ya majengo kuna jiwe kubwa, si unajua mawe yetu. Wanafunzi kwa jumla ni 140. Faiba ya 100 Mbps imeshafika, lakini ikigonga saa mbili usiku hakuna kinachofunguka, na simu inaonyesha Wi-Fi mistari yote. Sasa nimepata kwa bei nzuri bodi ya ruta ya MikroTik RB433 iliyotumika, ina kadi tatu za redio za Wi-Fi, aina ya R52. Nataka niifunge juu ya paa la hosteli kubwa na antena tatu za omni (zinazorusha pande zote) za 12 dBi, zote 2.4 GHz, kila redio ibebe wanafunzi kama 47, halafu niuze vocha. Kadi tatu zitatosha, au nitafute bodi ya kadi nne?"

Jibu: Ndugu yangu, usitafute ya nne, na hizo tatu usizipandishe juu ya paa. Kugawa watu 140 kwa redio tatu kungekuwa na maana kama kinachokwisha saa mbili usiku ni nafasi ndani ya mashine, au nguvu ya mawimbi. Lakini umesema mwenyewe kwamba simu inaonyesha mistari yote. Nguvu ipo. Kinachokwisha ni muda wa hewani.

Wi-Fi ni kikao chenye kipaza sauti kimoja. Kwenye chaneli moja anasema mmoja tu kwa wakati, awe ruta au simu, na wengine wote wanaoisikia chaneli hiyo wananyamaza na kusubiri zamu, hata kama ni wa mtandao wa jirani. Ndiyo maana mimi siulizi mashine inabeba watu wangapi. Nauliza kila mtu akipata zamu anaimaliza kwa muda gani, na hapo watu wanaachana mbali sana. Pakiti (kifurushi kidogo cha data) ya baiti 1,500 ikienda kwa 54 Mbps inamaliza safari chini ya robo ya milisekunde. Pakiti hiyohiyo ikienda kwa 1 Mbps, kasi ambayo simu iliyo mbali huishia kuitumia ili isikike, inachukua milisekunde 12. Maana yake mwanafunzi mmoja wa chumba cha pembeni, anayetuma picha tu ya WhatsApp, anatumia muda ambao wenzake 50 walio karibu wangeutumia kutuma kiasi hichohicho. Ukiwa na watano wa namna hiyo, 100 Mbps zako zinalala kwenye faiba bila mtu wa kuzitumia.

Sasa tuangalie paa. Utaambiwa na wauza vifaa kwamba ukiweka chaneli 1, 6 na 11 redio tatu haziingiliani. Ni kweli zikiwa zimeachana. Zikiwa kwenye mlingoti mmoja, fanya hesabu hii: redio yako inatoa 20 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; −70 ni dhaifu kuliko −20). Umbali wa mita moja kwenye 2.4 GHz unapunguza takriban 40 dB, kwa hiyo jirani yake anaipokea kwa karibu −20 dBm. Wakati huohuo simu ya mwanafunzi, baada ya kupita ukuta na zege, inafika kwa −70 dBm. Tofauti ni 50 dB, yaani kelele ya pembeni ina nguvu mara 100,000 kuliko sauti unayotaka kuisikia. Chujio la kadi ya bei rahisi haliwezi kuondoa kelele kubwa kiasi hicho kwa sababu tu chaneli zimeachana. Redio ya kwanza ikituma, ya pili na ya tatu zinakuwa viziwi, au zinadhani hewa imejaa na kuacha kutuma. Umelipia redio tatu, zinafanya kazi ya moja na nusu.

Antena nazo. Omni ya 12 dBi haiongezi nguvu kutoka hewani, inaikandamiza ile iliyopo iwe duara jembamba lenye digrii chache tu juu na chini. Ukiisimamisha juu ya paa, mawimbi yanatoka kwenda Nyegezi na ziwani huko. Chumba kilicho chini yake moja kwa moja kinapata masalia yaliyopenya bati na sakafu za zege. Kubwa zaidi ni hili: redio iliyo juu inasikia kila ruta ya mtaa mzima, na kila inachokisikia kwenye chaneli yake inalazimika kukisubiri. Wewe unaamini umepanda juu ili usikike, kumbe umepanda juu ili usikie kelele za watu.

Na hata haya yote yasingekuwepo, R52 ni kadi ya kizazi cha zamani cha Wi-Fi, cha a/b/g. Imeandikwa 54 Mbps, lakini kinachopita kweli ni zaidi kidogo ya 20, tena kikigawanywa kwa wote. Kadi tatu kwa pamoja hazifikii faiba yako.

Sisemi sanduku lenye redio nyingi ni kitu kibaya. Lina mahali pake, pale kila redio inapokuwa na bendi yake: moja ya 5 GHz inaleta mtandao kutoka mbali, nyingine ya 2.4 GHz inagawia watu wa hapo. Hizo hazizibani masikio. Aksesi pointi (kifaa cha kugawia Wi-Fi) yoyote ya kisasa ya bendi mbili ndani yake ni hivyohivyo, redio mbili ndani ya kisahani kimoja. Kwa hiyo wazo lako la redio nyingi nalikubali kabisa, ila badala ya tatu nataka uwe nazo 16, zisambazwe ndani ya majengo, na kila moja iongee kwa sauti ya chini.

Mpangilio wake ni huu. Hosteli kubwa, aksesi pointi mbili za bendi mbili kila sakafu, zifungwe darini kwenye korido, kila moja katikati ya nusu yake. Hizo ni sita. Hosteli ndogo mbili. Jumla nane, redio 16. Vyumba 27 vya jengo kubwa vikiwa na wanafunzi kama 108, kila aksesi pointi inabeba watu 18, na kwa kuwa siku hizi mtu ana simu na kompyuta, hesabu vifaa 36 kwenye redio mbili. Huo ni mzigo wa kawaida. Mimi huanza kuwa na wasiwasi redio moja ikiwa na vifaa vinavyofanya kazi kwa pamoja zaidi ya 30.

Kwenye 2.4 GHz una chaneli tatu tu za kutumia, 1, 6 na 11. Fundi akikuwekea 3 au 9 "kwa sababu ziko wazi", mwambie azitoe, maana zinagusana na mbili kwa mpigo. Sakafu ya chini weka 1 kushoto na 6 kulia. Ya katikati 11 kushoto na 1 kulia. Ya juu 6 kushoto na 11 kulia. Ukichora utaona hakuna chaneli inayokaa juu ya mwenzake. 5 GHz ndiyo bendi yako ya kazi, kwa sababu kuna nafasi: 36, 40, 44, 48, kisha 149, 153, 157, 161. Ni nane, na wewe una aksesi pointi nane. Kwenye mashine chagua nchi iwe Tanzania, itakuonyesha zinazoruhusiwa, kisha kila moja ipate ya kwake. Lakini upana wa chaneli uwe 20 MHz. Mashine nyingi zinakuja zimewekwa 80 MHz ili ukipima peke yako upate namba ya kupiga picha na kurusha kwenye statasi. Aksesi pointi moja ya 80 MHz inameza 36 mpaka 48 zote nne. Kwa 20 MHz, mashine ya Wi-Fi 5 yenye antena mbili bado imeandikwa 173 Mbps, nusu yake ikipita inatosha kuisukuma faiba yako karibu yote.

Nguvu ya kutuma ishushe. Hapa ndipo wenye hosteli huwa hawaniamini. Simu ya mwanafunzi ina redio ndogo. Ukiipandisha ruta mpaka mwisho, simu inaisikia ruta vizuri lakini ruta haiisikii simu, ndiyo maana mistari imejaa na ukurasa haufunguki. Anza na 11 au 12 dBm kwenye 2.4 GHz, na 17 hivi kwenye 5 GHz. Tofauti hiyo ni ya makusudi, inazifanya simu zipende 5 GHz zenyewe. Jina la Wi-Fi liwe moja kwa jengo lote na bendi zote. Ukiweka "Hosteli_2G" na "Hosteli_5G", wanafunzi watachagua lile lenye mistari mingi, ambalo ni la 2.4.

Usiongeze majina. Kila jina linatangazwa hewani karibu mara kumi kwa sekunde, na kwa mipangilio ya zamani linatangazwa kwa 1 Mbps. Jina moja linakula kama asilimia 2 ya muda wote wa hewani. Ukiwa na la wanafunzi, la wageni, la meneja na la kamera, kwenye aksesi pointi tatu zinazosikiana chaneli moja, robo ya hewa imekwisha kabla hata mtu mmoja hajafungua simu. Kwa hiyo zima kasi zote za Wi-Fi ya zamani ya 802.11b, yaani 1, 2, 5.5 na 11, na kasi ya chini kabisa iwe 12 Mbps. Hatua hii peke yake, ukiifanya leo kwenye ruta uliyonayo, itapunguza kero ya usiku. Kisha weka kanuni ya kuikataa simu inayosikika chini ya −80 dBm au hapo karibu, ili anayepanda ngazi asibaki ameng'ang'ania aksesi pointi ya chini. Simu ndiyo inayoamua kuhama. Wewe unaisaidia tu kufanya uamuzi.

Kabla ya kutoboa dari, pima. Chukua aksesi pointi moja, ifunge kwa muda kwenye korido mahali unapofikiria, iwekee nguvu hizo nilizotaja. Ingia chumba cha mbali zaidi, funga mlango kabisa (wengi hupima mlango ukiwa wazi, na milango ya hosteli zetu mingi ni ya chuma), weka simu juu ya kitanda cha chini, kwenye pembe, kwa sababu hapo ndipo mwanafunzi atakapolala akitazama video. Usiishike mkononi. Fungua programu ya kupima kama WiFiman, soma dBm za 5 GHz. Ukipata −67 au nafuu zaidi, mahali hapo ni pazuri. Ukipata −78, sogeza aksesi pointi. Usipandishe nguvu.

Kuelekea hosteli ndogo, jiwe limeshakuamulia: redio za kutazamana hazipendi jiwe katikati. Vuta waya. Ila usivute waya wa shaba kati ya majengo mawili. Ukanda wa Ziwa Victoria una radi nyingi kupita kiasi, na waya wa shaba unaounganisha majengo mawili yenye ethi (waya wa ardhini) tofauti utakuchomea swichi za pande zote mbili. Zika faiba ndani ya bomba, izungushe jiwe, weka kigeuzi kidogo cha faiba kwenda waya wa shaba kila mwisho. Ndani ya jengo tumia waya wa mtandao wa shaba, UTP, mradi hakuna kipande kinachozidi mita 100. Na ukienda dukani chukua kisu: kwangua uzi mmoja wa shaba. Ukiona weupe ndani, huo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, rudisha. Mtandao utapita, ila umeme wa kuwashia aksesi pointi utafika umechoka, na aksesi pointi zitakuwa zinajizima na kujiwasha bila sababu unayoiona.

Kuhusu umeme huo wa kupitia waya wa mtandao (PoE), soma lebo. Kuna vifaa vya 24V visivyouliza chochote kabla ya kupokea, na kuna vya 802.3af vya 48V vinavyosalimiana kwanza na swichi. Usichanganye. Swichi moja ya PoE ya 802.3af na aksesi pointi za aina hiyo zote zitakupunguzia maswali. Aksesi pointi nane kwa wati 8 ni 64, jumlisha swichi, ruta na kifaa cha faiba, tuseme wati 100. Betri moja ya 12V 100Ah, ukiitumia nusu ili isife mapema, ina takriban wati-saa 600. Umeme ukikatika saa moja jioni, ukitoa kinachopotea njiani, mtandao unafika karibu saa sita usiku.

Tuje kwenye vocha. MikroTik inafaa sana kwa hotspoti, yaani ukurasa wa kuingizia vocha, lakini angalia daraja la leseni kabla ya kununua ruta, maana hili limewakwamisha wengi wakidhani ni tatizo la mtandao. Leseni ya daraja la 4, ambayo ndiyo inayokuja na hEX inayopendwa huku kwetu, inaruhusu watumiaji 200 wa hotspoti kwa wakati mmoja. Daraja la 5, kama la RB5009, linaruhusu 500. Wanafunzi 140 wenye vifaa viwili ni 280. Usiku wa mechi ya Simba na Yanga, anayejaribu kuingia wa 201 ataingiza vocha yake halali na kukataliwa, na atakuja kukugongea mlango. Chukua ya daraja la 5. Halafu ukitumia User Manager, programu ya MikroTik yenyewe, kuhifadhi vocha, ina kikomo chake cha peke yake: vipindi 20 vya watumiaji kwa wakati mmoja kwa daraja la 4 na 50 kwa daraja la 5. Kwa hiyo vocha zihifadhi kama watumiaji wa hotspoti ndani ya ruta yenyewe, au weka FreeRADIUS, programu ya kuthibitisha watumiaji, kwenye kompyuta ndogo pembeni.

Anwani ambazo ruta inavigawia vifaa nazo zina kikomo. Mpangilio wa kawaida wa /24 una anwani 254, na simu za Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 hujibadilishia utambulisho kwa kila mtandao, kwa hiyo kifaa kimoja kinaweza kuhesabiwa zaidi ya mara moja. Tumia /22, upate anwani 1,022, na muda wa kifaa kukodisha anwani uwe saa moja. Kwa sababu hiyohiyo usitoe "dakika kumi za majaribio bure" kwa kutambua kifaa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atagundua kwamba akibadilisha mpangilio mmoja wa simu anapata kumi nyingine, na kufikia Ijumaa chuo kizima kinajua.

Kila mtumiaji mpe kikomo, tuseme 4 Mbps kushuka na 2 kupanda, na jumla ya ruta iweke 95, chini kidogo ya faiba, ili foleni itengenezwe kwako na isiwe kwa mtoa huduma. Kwenye RouterOS 7, programu inayoendesha ruta za MikroTik, chagua fq_codel au CAKE kwa foleni hiyo. Ndiyo inayofanya anayepiga simu ya video asigande kwa sababu jirani anashusha filamu. Zima mawasiliano ya mteja kwa mteja, kwa usalama wao na kwa kupunguza kelele hewani.

Wataishiriki vocha moja kwa hotspoti ya simu, hilo lijue. Kuna njia ya kuwazuia, unabadilisha TTL ya pakiti (hesabu ya mara inazoweza kupitishwa mbele) iwe 1 zinapoelekea kwa mteja, na simu nyingi zinashindwa kuipitisha mbele. Mimi binafsi naona afadhali vocha ya vifaa viwili iwe na bei ya kuvutia, kwa sababu kila hotspoti ya simu inayowashwa chumbani ni redio nyingine kwenye hewa yako, na hiyo huwezi kuipangia chaneli.

RB433 ikiwa hujailipia, iache. Kama umeshailipia, itafaa kuleta picha za kamera ya getini kwa 5 GHz, kazi ndogo isiyohitaji kasi.

La mwisho ni la makaratasi. Kuuza huduma ya intaneti Tanzania kunasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na vifurushi vingi vya nyumbani vinakataza kumuuzia mtu mwingine. Soma mkataba wa faiba yako, kisha nenda ofisi ya TCRA ya Kanda ya Ziwa uulize leseni inayokuhusu. Kama kodi ya chumba tayari inajumuisha intaneti na huuzi vocha, waeleze hivyo pia, ili wakujibu kulingana na unachokifanya hasa. Ukiwa na jibu lao mkononi ndipo uamue kama utachapa vocha au utaongeza kodi.